Mimi ndiye ninayemlipa mwalimu wa serikali

Kuna mshikaji wangu mmoja pale kijiweni ambaye macho yake hayana mapumziko. Wiki iliyopita kanivuta pembeni, kaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, halafu kaniuliza kwa sauti ambayo hata muuza kahawa aliisikia: "Hivi wewe, kila ikifika mwisho wa mwezi nakuona kwa wakala unatuma hela. Unahonga wapi?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mie nikacheka pia, maana ukishakasirika kijiweni ndo umekwisha, watakutania kwa jambo hilo mpaka unaota mvi.

Lakini leo nataka nimjibu, tena hadharani. Ni kweli kila mwezi natuma shilingi 40,000. Ni kweli pia kwamba ninayemtumia ni mwanamke. Ila si demu. Ni dada yangu wa tumbo moja, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwenye shahada yake na mwajiriwa halali wa serikali, huko mkoani Rukwa. Yaani mimi, kijana wa kidato cha nne niliyefeli hesabu, ninayelipwa kwa makala, tena pale makala inapotoka, ndiye ninayemlipa mwalimu wa serikali ili asifunge virago.

Cheka kwanza, halafu tuendelee. Maana habari yenyewe haichekeshi sana.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 2012 nilikuwa darasa la sita hapa hapa Dar. Mwishoni mwa mwezi wa saba walimu wa nchi nzima wakagoma. Sisi watoto, Mungu atusamehe, tulifurahi kama tumetangaziwa Idi. Tulicheza chandimu asubuhi, mchana na jioni, hakuna wa kutuuliza daftari. Mgomo ule haukufika mbali. Agosti 2, Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikaamuru usitishwe, na walimu wakarudi darasani wamenuna.

Wakati ule sikujua walichokuwa wanadai. Nimekuja kukisoma ukubwani. Chama cha Walimu kilitaka mshahara uongezwe kwa asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na asilimia 50 kwa wa masomo ya sanaa, na juu yake posho ya asilimia 30 kwa walimu wanaofanya kazi kwenye mazingira magumu. Naomba hiyo 30 uiweke pembeni, tutairudia.

Sasa twende 2016, niko kidato cha tatu, shule ya kata, pembezoni mwa jiji. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, kijana, shati moja la bluu na jingine la kijivu, lakini akishika chaki utasikia raha. Alikuwa na tabia ya kusema, "Hesabu haina uchawi, ina mpangilio." Katika mikono yake mimi nilikuwa napata 50, mara nyingine 60. Siyo haba.

Tukaanza kusikia kwamba shule moja ya binafsi inamvizia. Mwalimu mkongwe mmoja akashauri wazazi wachange shilingi 2,000 kwa kila mtoto kwa mwezi, ili kijana yule apate angalau pesa ya pango na nauli. Ukaitishwa mkutano. Sasa ule ndio ulikuwa mwaka wa kwanza wa elimu bila ada. Waraka wa serikali namba 5 wa 2015 ulikuwa umefuta ada na michango ya lazima, na wazazi walikuwa bado wanashangilia. Akasimama mzee mmoja, kofia mkononi, akasema: "Rais ameshasema bure. Anayetaka tuchange anataka kutuibia." Makofi yakapigwa, mkutano ukavunjika.

Mzee yule alikuwa baba yangu mzazi.

Sikumlaumu. Mzee alikuwa na watoto wanne na kibanda cha kuuza mkaa, na kusema kweli waraka ulikuwa upande wake. Mwalimu akaondoka kabla ya mtihani wa nusu muhula. Hakuaga. Kwa miezi mitano kipindi cha hesabu kilikuwa kipindi cha kupiga soga, halafu tukaletewa mwalimu wa jiografia atushikie. 2017 nikafanya mtihani wa taifa, na matokeo yalipotoka, kwenye hesabu palikuwa na herufi moja tu, F, imenikodolea macho. Ndo maana naandika makala badala ya kukaa benki na tai shingoni.

Dada yangu yeye alikuwa ameshapita. Alisoma kabla yangu, akawahi walimu, akaenda chuo kikuu kusomea ualimu wa hesabu na fizikia. Julai 2021 akapata ajira. Nyumbani tulipika pilau. Mama alilia kwa furaha, halafu akauliza Rukwa iko upande gani.

Hapo ndipo elimu yangu ya mambo ya mishahara ilipoanza. Mwezi wa kwanza dada alinitumia picha ya karatasi ya mshahara, nikaikalia na kalkuleta ya simu. Mshahara ulikuwa 716,000. Nikasema lo, dada kaukata! Kumbe ngoja kwanza. Bodi ya mikopo inachukua asilimia 15, ambayo ni 107,400. Mfuko wa pensheni asilimia 5, ni 35,800. Bima ya afya asilimia 3, ni 21,480. Chama asilimia 2, ni 14,320. Kodi ya mapato nayo ikang'ata kama elfu hamsini na mbili hivi. Kilichofika mkononi kilikuwa laki nne na themanini na tano. Hapo hujalipa chumba, hujala, hujamtumia mama hela ya dawa, na mama akijua una ajira ya serikali basi hata jirani anaumwa kwa jina lako.

Na bado hapo nimekusomea hela ambayo kweli ilifika. Kuna ile ambayo haikufika. Mwajiriwa mpya anatakiwa apewe nauli na pesa ya kujikimu anaporipoti. Dada aliripoti na begi moja na godoro la kukunja, akaambiwa ajaze fomu, fedha zitakuja. Akajaza. Kwa mwezi wa kwanza alikula kwa mali kauli kwenye duka la kijiji. Mwezi wa pili nikamtumia 40,000 ya kwanza. Nilijua ni mara moja tu. Wewe mwenyewe unajua hiyo "mara moja tu" inavyokuwaga.

Mwaka 2024 mambo yakafika shingoni. Shule moja ya binafsi hapa Dar ilikuwa inatafuta mwalimu wa hesabu. Jirani yetu anafanya kazi pale, akamtaja dada. Wakapiga simu, wakaongea, wakampenda. Ofa ilikuwa laki nane na nusu mkononi, chakula cha mchana, na basi la shule la kumfuata karibu na nyumbani. Mama akaanza kusafisha chumba cha uani. Mimi nilikuwa na furaha yangu ya siri: dada akirudi, 40,000 yangu inabaki mfukoni. Nilikuwa na mpango wa kuitumia hela hiyo kujiandikisha na kurudia ule mtihani wa hesabu. Kila mwaka nasema nitarudia, kila mwaka hela inapanda basi kwenda Rukwa.

Basi usiku mmoja nikampigia.

"Dada, rudi nyumbani bwana. Laki nane na nusu, chakula juu yao, basi juu yao. Unangoja nini tena?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Wee mtoto," akasema, "mtihani wa hesabu ulipata nini?"

"Si unajua mwenyewe."

"Nataka uniambie wewe."

"F."

"Kwa nini?"

"Mwalimu aliondoka."

"Haya. Mimi wa kwangu wako arobaini na mmoja, na mtihani wao ni Novemba. Nikija huko, na wao waje wamwambie nani hayo maneno?"

Nasema kweli, msomaji, siku ile sikupata usingizi upesi.

Mama hakukubali kushindwa. Mwezi wa nane akanipa nauli, mfuko wa mchele, dagaa na nazi tatu, akasema, "Nenda kamlete dada yako." Nikapanda basi pale kituo cha Magufuli, Mbezi, na nisikuchoshe na safari, nchi hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ramani ya ukutani. Tumepita Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, ndipo Sumbawanga. Baridi ya Ufipa mwezi wa nane haina adabu, nilivaa mashati mawili na taulo. Kutoka mjini nikapanda gari dogo lililojaa watu na magunia, na kipande cha mwisho nikamalizia kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno.

Nilipofika kijijini nikakutana na mzee mmoja yuko kivulini. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mgeni unatoka wapi?" Nikamwambia Dar es Salaam, mimi ni mdogo wake mwalimu wa hesabu. Mzee akaniangalia kwa muda, halafu akauliza taratibu: "Umekuja kumsalimia, au umekuja kutuibia?"

Kumbe alikuwa mjumbe wa bodi ya shule. Habari za ofa zilikuwa zimenitangulia kijijini.

Niliishi pale siku sita. Dada anakaa chumba kimoja kwenye nyumba ya mkulima, analipa 15,000 kwa mwezi. Shule ina nyumba moja tu ya mwalimu, na anakaa mkuu wa shule na familia yake. Maji ni ya kisima, ila dada hachoti, kila asubuhi nilikuta ndoo mbili zimejaa mlangoni na sikuwahi kumwona aliyezileta. Jumamosi akaja mama mmoja na debe la mahindi, hakutaka hata kukaa. Akasema, "Mwambie mwalimu wa hesabu mtoto wangu ameanza kunipigia mahesabu ya dukani." Mtu wa mjini unaweza kucheka kwamba debe la mahindi ni mshahara gani. Lakini mimi niliona dada anavyolipokea. Hakuna aliyewahi kumletea kitu kwa heshima ile kwenye ofisi yoyote.

Niliingia pia darasani kwake, nikakaa nyuma kabisa. Alikuwa anafundisha milinganyo, ubao umejaa, vijana kimya. Na mimi, mtu mzima wa miaka ishirini na nne wakati huo, nikaelewa kitu ambacho kilinipita kidato cha tatu. Nikainamia daftari, maana macho yalikuwa yanauma. Nilisingizia vumbi la chaki.

Usiku wa tano ndipo akanionyesha faili. Faili la kijani, nene, limefungwa kwa kamba. Humo mna barua zake zote za kudai. Nauli ya kuripoti, pesa ya kujikimu, na nauli ya likizo ambayo mtumishi hupewa kila baada ya miaka miwili. Jumla anadai 420,000.

"Umeshaenda kufuatilia mara ngapi?" nikamuuliza.

Akahesabu kwa vidole kwa kuangalia tarehe za barua. Mara tisa. Mara ya kwanza aliambiwa fungu halijashuka. Mara ya pili fomu imebadilika. Mara ya tatu mhusika yuko semina. Mara ya nne faili halionekani, akaandika upya. Siyo kwamba alitukanwa, hapana, anasema karani mmoja alikuwa mpole sana na hata alimpa kiti.

"Kila safari unatumia shilingi ngapi?"

Nauli kwenda na kurudi 30,000, kulala gesti 15,000, kula 5,000.

Nikachukua simu yangu. Hamsini mara tisa. Mimi, mtu wa F, nikamgeuzia kioo cha simu mwalimu wa hesabu: 450,000.

Dada akaangalia ile namba. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Miaka mitatu nafundisha hesabu," akasema, "hii sijawahi kuijumlisha." Kisha kicheko kikakata ghafla, akafunga lile faili na kamba yake, akalirudisha chini ya kitanda. Tulikaa kimya. Nadhani usiku ule alikuwa karibu sana kuondoka kuliko siku ile alipopigiwa simu ya laki nane na nusu.

Na hapo ndipo mie nilipojifunza jambo ambalo leo nataka nikuachie. Tukiongelea walimu kukimbia vijijini, watu wote tunaruka kwenye kiwango: waongezwe ngapi? Kiwango ni kweli, hela ni hela. Lakini kabla ya kiwango kuna swali jingine: inafika? Motisha ambayo inabidi uifuate mara tisa siyo motisha tena, ni adhabu yenye stempu. Inamfundisha mwalimu kila baada ya miezi michache kwamba yeye si kitu. Mwalimu anayelipwa kidogo anaweza kuvumilia. Anayeahidiwa halafu akazungushwa ndiye anayefunga virago.

Hebu sasa turudi kwenye ile asilimia 30 niliyokwambia uiweke. Je, ni ndoto? Gambia, nchi ndogo kuliko mikoa yetu mingi, ilianza mwaka 2006 kuwalipa walimu wa shule zilizo zaidi ya kilomita tatu kutoka barabara kuu nyongeza ya kati ya asilimia 30 na 40 ya mshahara wa msingi, kutegemea umbali. Watafiti waliokwenda kupima baadaye wakakuta kwamba uwiano wa walimu wenye sifa kwenye shule zile umepanda. Mimi linalonivutia ni ule mpangilio wake. Kipimo ni umbali. Hakuna wa kumjua bosi, hakuna wa kubembeleza. Shule yako iko mbali, unapata.

Hapa kwetu pia tuna mfano. Mwaka 2013 na 2014 taasisi ya Twaweza iliendesha jaribio la KiuFunza kwenye shule za msingi 350. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya 10,000 kwa kila mtoto. Nyingine walimu waliahidiwa fedha kwa kila mtoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu atakayefaulu kusoma na kuhesabu, mwaka wa kwanza ilikuwa 5,000 kwa kila somo. Na nyingine zilipewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu. Palipokuwa na ruzuku na motisha pamoja, watoto walipanda kweli. Jaribio lile lilihusu kufundisha vizuri zaidi, siyo kubaki kijijini, lakini linatwambia kitu: chaki bila moyo wa mwalimu haiendi, na moyo wa mwalimu unahitaji chaki.

Nisikudanganye kwamba fedha inamaliza yote. Wenzetu Kenya wana posho ya mazingira magumu siku nyingi, na walimu wa kaskazini wanaipata. Lakini Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na abiria 28 wakauawa, wengi wakiwa walimu wanaokwenda likizo. Mwaka uliofuata walimu wengi waligoma kurudi kule, posho au hakuna posho. Nani angewalaumu? Hela haimnunui mtu anayeogopa kufa. Na kwa kiasi chake haimnunui mtu asiye na nyumba wala anayemtembelea.

Kuna jambo jingine wasomaji wengi wa mjini hawalijui. Tangu mwaka wa fedha 2015/2016 serikali inalipa posho ya madaraka: mwalimu mkuu wa msingi 200,000 kwa mwezi, mkuu wa sekondari 250,000. Ni jambo jema, yule mkuu wa dada nimemwona, anafanya kazi ya watu watatu. Lakini angalia inachosema kwa mwalimu wa kawaida: ukitaka kuongezewa, acha chaki shika ofisi. Yule anayesimama mbele ya ubao vipindi sita kwa siku na kubeba madaftari mia nyumbani, yeye posho yake ni ndoo mbili za maji mlangoni.

Na pengo hilo likiachwa wazi, kuna wa kulijaza. Mwalimu mwenzake dada alipouguliwa na mtoto alikopa kwa wale jamaa wa kausha damu. Riba inakimbia kuliko mbwa, na kadi yake ya benki iko kwa mkopeshaji. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayekwenda kutoa mshahara, halafu anamrudishia mwalimu kinachobaki. Mtu huyo hajaondoka kijijini, ni kweli, kwenye takwimu anahesabika yupo. Lakini niambie, huyo amebaki au amekwama?

Siku ya kuondoka yule mzee wa bodi alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Akaniambia wazazi wameongea, msimu wa mavuno watafyatua matofali, wamjengee mwalimu vyumba viwili, bati wataomba. Hakuna mwenye fedha taslimu, akasema, ila mikono ipo. Nikamkumbuka mzee mwingine, kofia mkononi, 2016.

Nikarudi Dar bila dada. Mama alinuna wiki nzima. Nazi zangu tatu zilizoliwa Rukwa nazo zikawa kesi.

Dada aliwaomba wale wa shule binafsi wamsubiri mpaka vijana wake wamalize Novemba. Hawakusubiri, wakachukua mwingine. Vijana wake walifanya mtihani wakiwa na mwalimu wao, na kwangu mimi hiyo ndiyo habari yenyewe. Vyumba viwili vilikamilika 2025, bati walilipata. Mei Mosi ya mwaka huo huo, pale Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kipande kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1, na kijiwe kizima kikanipongeza kana kwamba mimi ndiye niliyepandishwa. Mie nilichouliza ni kimoja: na lile faili la kijani? Nusu yake ililipwa, siku moja tu hela zikaingia bila hata ya kupigiwa simu. Nusu nyingine bado. Barua ya kuomba uhamisho nayo ameiandika, iko ndani ya faili hilo hilo, hajaipeleka. Anasema ataamua baada ya kidato cha nne wa mwaka huu. Kila mwaka ana kidato cha nne wa mwaka huu.

Kwa hiyo, mshikaji wangu wa kijiweni, jibu lako ni hilo. Sihongi. Nalipa deni la kidato cha tatu.

Na nikuongezee hili, maana sikulisema pale mbele za watu. Mwezi uliopita nilipokuwa natoka kwenda kwa wakala, mzee wangu aliniita uani. Siku hizi miguu inamsumbua, mkaa ameacha. Akaangalia huku na huku kama anauza bangi, akanibandika noti mbili za elfu kumi mkononi.

"Ongezea hapo," akasema.

"Za nini, baba?"

Akageukia pembeni, akajifanya anatafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani.

"Mchango," akasema. "Mtumie mwalimu."

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.